Somo la Robo Hii: Kuwahesabu Tai na Kozi Wanaopita Masika



Ukurasa huu wa somo kwa kawaida huwa na habari za visima, vikundi vya kuweka na kukopa, na mashamba darasa. Safari hii tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa somo lenyewe linahusu kupanda mwinuko asubuhi, kukaa juu ya mkeka, na kuhesabu ndege wawindaji wanaopita angani kuelekea kaskazini. Tunajua swali litakaloulizwa vikaoni: watu wana shida ya maji, shule haina madawati, na ninyi mnatuletea habari za kozi? Ni swali la haki. Tutajaribu kulijibu humu, na jibu letu halitategemea mapenzi ya ndege peke yake (ingawa wamo kati yetu walio nayo), bali kile ambacho hesabu ya namna hii imewahi kufanya mahali pengine.

Mahali tulipopafikiria ni Janga, wilayani Kibaha, pamoja na vilima vya upande wa Kisarawe. Hakuna mlima mkubwa huku. Janga ni nchi ya chini, iko jirani na bonde la Mto Ruvu, na vilima vya Pugu na Kisarawe navyo havifikii mita 400 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo mtu anayehesabu ndege hahitaji Kilimanjaro. Anahitaji mahali palipoinuka kuliko jirani zake, ambapo macho yanafika mbali.

WASAFIRI WENYEWE

Katika nchi za kaskazini ya dunia, majira ya kuchipua ni Machi hadi Mei. Kwetu miezi hiyo ni masika. Ndege wawindaji waliokuja kusini kukimbia baridi na njaa huanza kurudi makwao kuzaa, na njia ya wengi wao hupita Afrika Mashariki. Yupo tai wa nyika za Asia, mkubwa, wa rangi ya kahawia, anayezaa Kazakhstan, Urusi na Mongolia. Yupo shakevale kutoka Urusi na Ulaya ya mashariki. Yupo kozi wa kijivu, anayezaa kwenye visiwa vya Oman na Bahari ya Shamu, na ambaye hupitia Afrika Mashariki kwenda na kurudi Madagaska.

Na yupo kozi wa Amur, ambaye ndiye tutakayemzungumzia zaidi. Huyu ni mdogo sana. Uzito wake ni kiasi cha gramu 150, yaani hafikii hata robo kilo ya sukari. Dume ni wa kijivu cheusi, miguu yake ni myekundu, na manyoya ya chini ya mkia yana rangi ya kutu. Akiruka, sehemu ya mbele ya upande wa chini wa mabawa yake huonekana nyeupe. Jike ana tumbo jeupe lenye madoa. Huzaa Siberia ya mashariki, Mongolia, kaskazini ya China na Korea. Kisha kila mwaka huja hadi Afrika ya kusini na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 20,000.

Chakula chake huku kwetu ni panzi na kumbikumbi. Mvua inapolainisha ardhi na kumbikumbi wakatoka, kozi hawa huwadaka hewani kwa miguu na kuwala papo hapo wakiendelea kuruka. Wazee wa Pwani wanaokumbuka ladha ya kumbikumbi wa kukaanga wataelewa kwamba huyu si mgeni tu, ni mwenzetu wa sahani moja.

Tuseme pia yale yasiyopaswa kutarajiwa. Tai na shakevale ni ndege wazito ambao husafiri kwa kuelea. Asubuhi jua likishapasha ardhi moto, hewa ya joto hupanda juu, nao huizunguka wakipanda bila kupiga mabawa, kisha huteleza mbele hadi kwenye hewa nyingine inayopanda. Juu ya bahari hewa ya namna hiyo haipatikani vya kutosha, kwa hiyo wao huogopa maji na wengi hufuata bara, Bonde la Ufa na nyanda za juu. Kozi hupiga mabawa kwa nguvu zake mwenyewe, na hahofii sana bahari. Ndiyo maana mhesabuji wa Janga atarajie kozi zaidi kuliko tai, na asikate tamaa akisikia kwamba mahali pengine wanaonekana tai kwa maelfu. Huko Eilat, kusini mwa Israeli, njia za nchi kavu kati ya Afrika na Asia hukutana na kuwa nyembamba, na katika miaka ya 1980 ulikuwapo msimu wa kuchipua ambao ndege wawindaji waliohesabiwa walizidi milioni moja. Kwenye mlangobahari wa Bab-el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibuti, msimu wa vuli wa mwaka 1987 walihesabiwa karibu 250,000. Janga si Eilat.

UPEPO WA JAHAZI

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari za pepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, ikaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili, ikayarudisha. Kozi wa Amur hutumia ratiba hiyo hiyo. Hutoka India wakati kaskazi inaanza, akavuka bahari kiasi cha kilomita 3,000 bila kutua, akaingia Afrika kwenye pwani ya Somalia na majirani zake mwezi Novemba na Desemba. Masika kusi inapoanza kushika, hupanda tena kutoka Msumbiji, Tanzania na Kenya hadi Somalia, akavuka kurudi India. Hatujui ndege mwingine mwindaji anayevuka bahari pana namna hii kwa desturi yake ya kila mwaka. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba njiani juu ya maji hula kerengende, ambao nao huvuka bahari kwa upepo ule ule.

Kitabu cha Ayubu, sura ya 39, kinamtaja mwewe anayeelekeza mabawa yake kusini. Mwandishi aliishi upande wa kaskazini, akawaona wakiondoka. Sisi tulio kusini tunawaona wakielekea upande mwingine, na kwa hiyo mhesabuji wa masika hukaa akitazama kusini, mahali watakapotokea, wala si kaskazini wanakokwenda. Jambo hili ni dogo, lakini tumeona watu wakilikosea katika mazoezi: wanamwona ndege akiwa amekwisha kupita, wanabaki na mgongo wake.

HESABU ILIYOFICHUA SUMU

Sasa tulijibu lile swali la madawati.

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, upo mgongo mrefu wa milima ambao ndege wawindaji huufuata kila vuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watu walikuwa wakipanda pale na bunduki kuwapiga kwa ajili ya mchezo, na serikali ya jimbo ilikuwa imeweka zawadi ya fedha kwa kila kipanga wa aina fulani aliyeuawa. Mwaka 1934 mama mmoja, Rosalie Edge, aliikodi sehemu ile, akawaweka Maurice Broun na mkewe Irma wailinde. Broun alianza kuhesabu. Alikaa juu ya mawe akaandika kila ndege aliyepita, mwaka huo na ulioufuata, na kazi hiyo inaendelea mpaka leo katika kituo kinachoitwa Hawk Mountain, isipokuwa miaka michache ya Vita Kuu ya Pili.

Broun hakuandika idadi peke yake. Tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe hawi na kichwa hicho cheupe akiwa mchanga. Mtoto ni wa kahawia mwili mzima. Kwa hiyo hata kwa mbali mtu anaweza kutenga wakubwa na wadogo, na Broun aliwatenga. Kati ya 1935 na 1939, wadogo walikuwa kiasi cha 40 katika kila tai 100 waliopita. Kati ya 1955 na 1959 walikuwa 20 katika 100. Mwaka 1957 alipita mdogo mmoja tu kwa kila wakubwa 32.

Tafakarini maana yake. Tai wakubwa walikuwapo bado. Mtu aliyetazama angani siku moja angesema tai wapo, hakuna tatizo. Lakini walikuwa hawazai, na jambo hilo lisingejulikana kama hakuna mtu aliyekaa kwenye mawe yale miaka 20 kabla. Mwaka 1962 Rachel Carson aliziweka hesabu za Broun katika kitabu chake juu ya madawa ya kuulia wadudu. Baadaye watafiti walionyesha kwamba DDT hulifanya ganda la yai la ndege hawa kuwa jembamba hata likavunjika chini ya mama anayelalia. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, na mwaka 2007 tai yule aliondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Ndege mwindaji huishi juu kabisa ya mlolongo wa chakula. Sumu inayonyunyizwa kwenye jani huingia kwa panzi kidogo, kwa ndege mdogo anayekula panzi mia huingia zaidi, na kwa kipanga anayekula ndege wadogo hujikusanya. Anayewahesabu kipanga, kwa hiyo, anapima pia kile kinachoingia katika mazao, maziwa na maji ya watu. Mto Ruvu ndio unaolisha mitambo mikubwa ya maji ya Dar es Salaam, na bonde lake lina mpunga na mbogamboga. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, wakulima wa mahindi wamelazimika kupuliza dawa kuliko zamani. Katika mikoa ya nafaka makundi ya kwelea kwelea hupulizwa dawa kutoka kwenye ndege za kilimo, na dawa iliyozoeleka kwa kazi hiyo, fenthion, huua pia mwewe, tai na bundi wanaowaokota kwelea waliolegea. Hatusemi mkulima aache mahindi yake yaliwe. Tunasema tu kwamba kijiji chenye daftari la miaka kumi kinaweza kuuliza swali ambalo kijiji kisicho na daftari hakiwezi hata kulifikiria.

HABARI YA NAGALAND

Mfano wa pili unawahusu kozi wetu wenyewe, na unawahusu pia wanakamati kama ninyi.

Nagaland ni jimbo la milima kaskazini mashariki ya India. Wakazi wake wengi ni Wakristo, hasa Wabaptisti, na kanisa lina sauti kubwa vijijini. Kila Oktoba na Novemba kozi wa Amur hukusanyika huko kwa wingi usioelezeka, karibu na bwawa la Doyang, kula na kujaza mafuta kabla ya kuvuka India na bahari. Mwaka 2012 wahifadhi walifika wakakuta wavuvi wametundika nyavu zao za samaki kwenye miti ambako ndege hulala. Kozi walinaswa usiku, wakanyonyolewa, wakauzwa kama kitoweo. Wahifadhi wale walihesabu vikundi vya wawindaji, wakauliza kila kikundi hupata ndege wangapi kwa siku, wakazidisha. Jumla ilikuwa kati ya kozi 12,000 na 14,000 kwa siku wakati wa kilele, na kati ya 120,000 na 140,000 kwa msimu mzima.

Hesabu ile ya kuzidisha, ambayo mtoto wa darasa la nne angeiweza, ilizunguka dunia. Lakini ambacho tungependa mkione ni kilichofuata. Watu wale walikuwa maskini. Kozi walikuwa fedha ya ada na dawa. Wangeweza kukasirika na kusema wageni wanajali ndege kuliko watu. Badala yake kulifanyika vikao vingi, vya mabaraza ya vijiji, viongozi wa makanisa, serikali ya jimbo na wahifadhi. Vijiji vya Pangti, Asha na Sungro vilikubaliana kuacha na vikajiwekea faini. Msimu wa 2013 ilitangazwa kwamba hakuna kozi aliyenaswa kwa nyavu pale. Mwezi Novemba mwaka huo kozi watatu walifungwa vyombo vidogo vinavyofuatiliwa kwa setilaiti, wakapewa majina ya Naga, Wokha na Pangti. Wote watatu walivuka bahari wakaingia Afrika.

Hivyo wale waliosamehewa Doyang mwezi Novemba ndio hao wanaoweza kupita juu ya Ruvu mwezi Aprili. Watu wa Pangti walilipa gharama, tena gharama ya kweli. Huku kwetu kozi hauzwi wala haliwi, lakini tukimpa panzi aliyepulizwa sumu tutakuwa tumeifuta kazi ya watu hao bila hata kujua.

MAHALI PA KUKAA

Tukirudi Janga. Chagueni sehemu iliyoinuka, yenye upeo wazi upande wa kusini, inayofikika kwa miguu hata barabara ikiwa na tope. Kwa walio upande wa Kisarawe, migongo ya vilima ina faida ya ziada: upepo ukigonga ubavu wa kilima hulazimika kupanda, na ndege hupanda nao. Lakini sehemu kubwa ya vilima hivyo imo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ombeni kibali kwanza. Na tafadhali, asitokee mwanakamati mwenye bidii akafyeka miti ili aone vizuri. Msitu ule umekwisha kupoteza mengi kwa mkaa.

Toeni taarifa pia kwa serikali ya kijiji. Watu wanaokaa kilimani na darubini saa sita mfululizo huzua maswali, na ni vema majibu yawepo kabla ya maswali.

Wakati mzuri ni mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Mei, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mapema kuliko hapo hewa haijapata joto. Mvua itawasumbua, hilo halina dawa. Ndege nao husubiri ipite, na mara nyingi saa moja baada ya mvua kukatika ndiyo saa nzuri kuliko zote, hasa kumbikumbi wakitoka.

NAMNA YA KUHESABU

Watu watatu wanatosha: wawili wa kutazama na mmoja wa kuandika. Anayeandika asitazame, maana akitazama hataandika. Darubini moja nzuri ni bora kuliko tatu mbovu. Anga hupekuliwa kwanza kwa macho matupu, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia juu kidogo ya upeo, kisha kwa darubini mstari huo huo. Anga la buluu tupu ni gumu. Mawingu meupe husaidia, kwa kuwa ndege huonekana kama doa kwenye shuka.

Ndege wakiwa wanazunguka katika hewa inayopanda, msiwahesabu. Wanachanganyikana, anayeshuka anahesabiwa mara ya pili. Subirini wafike juu na waanze kuteleza mmoja mmoja kuelekea kaskazini, kama wasafiri wanaotoka mlangoni mwa basi. Hapo ndipo pa kuwahesabu. Kundi likiwa kubwa, jizoezeni kuona kumi kwa jicho, kisha hamisheni kumi hiyo juu ya kundi zima. Mazoezi yanaweza kufanywa nyumbani kwa punje za mahindi zilizomwagwa kwenye ungo: mtazamaji akadirie, kisha zihesabiwe. Watoto huwashinda watu wazima katika zoezi hili, na hakuna ubaya.

Wenyeji hawahesabiwi. Mwewe anayezunguka juu ya soko akitafuta vifaranga, furukombe wa mtoni, pungu anayeishi hapa mwaka mzima, hao si wasafiri. Anayehesabiwa ni yule anayetokea kusini, akapita, akapotelea kaskazini. Kama hamkumtambua, andikeni "kozi asiyetambuliwa" au "tai asiyetambuliwa". Daftari lenye wengi wasiotambuliwa ni daftari la kuaminika. Lile ambalo kila ndege ana jina kamili hututia wasiwasi.

SIFURI PIA NI HESABU

Hapa tunaomba mtulie kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika.

Kila saa iandikwe peke yake: saa tatu hadi saa nne, saa nne hadi saa tano, na kuendelea. Pembeni mwandike mawingu, upepo unatoka wapi, na mvua. Saa ambayo hakupita hata ndege mmoja iandikwe sifuri. Isiachwe wazi. Nafasi iliyo wazi haisemi kama watu walikuwapo wakakosa ndege, au walikwenda kunywa chai.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha kwanza kinaleta ripoti ya kozi 60, cha pili kozi 90. Kikaoni watu watapigia makofi cha pili. Sasa ulizeni saa. Cha kwanza kilikaa saa 3, cha pili saa 9. Cha kwanza kiliona kozi 20 kwa saa, cha pili 10 kwa saa. Bila idadi ya saa, namba zote mbili ni mapambo. Na kama kikundi cha pili kitaacha kuandika zile saa zake tano za sifuri, kitaonekana kimekaa saa 4 na kuona zaidi ya kozi 22 kwa saa, yaani hesabu itakuwa imegeuka uongo ingawa hakuna aliyeongeza hata ndege mmoja.

Wanaosoma ripoti za miradi wataona kwamba ugonjwa huu hauko kwa ndege peke yake. Ni ripoti ngapi zimeandika "wahudhuriaji 400" bila kusema ni watu 400 au watu 40 waliokuja mara kumi? Tunadiriki kusema kwamba kamati iliyojifunza kuandika sifuri kilimani itaandika kwa uaminifu zaidi habari ya kisima kilichokauka.

Mwaka wa kwanza daftari halitasema lolote. Wa pili pia. Masika mengine kusi huchelewa, mengine mvua hufunga wiki mbili, na ndege hupita mbali. Mwelekeo huonekana baada ya miaka mingi, mahali pale pale, kwa saa zile zile. Jirani zetu wa Kenya wana mfano mzuri: huko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wafanyakazi wa kujitolea wamekuwa wakirudi karibu kila Novemba na Desemba kuwanasa na kuwafunga pete ndege wadogo wanaosafiri usiku na kupotezwa na ukungu kwenye taa za hoteli. Si kozi, lakini uvumilivu ni ule ule.

Kwa hiyo tunawaambia wafadhili wetu waziwazi: kazi hii haifai kufadhiliwa kwa mwaka mmoja, na haina picha nzuri ya uzinduzi. Gharama yake ni ndogo, darubini moja na daftari la kurasa 96 lililopigwa mistari kwa rula. Kinachohitajika ni ahadi ya muda mrefu kuliko mzunguko wa kawaida wa miradi, ambao huwa miaka mitatu. Mfadhili anayeona kwamba hawezi, aseme. Itakuwa bora kuliko kuanza na kuacha.

Nakala za hesabu zisikae kwenye kabati la parokia peke yake. Ipo Atlasi ya Ndege wa Tanzania, iliyoanzishwa na Neil na Liz Baker, inayokusanya kumbukumbu kutoka kote nchini. Ipo programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambayo kijana mwenye simu anaweza kuijaza akiwa pale pale kilimani. Lakini daftari la karatasi liendelee kuwapo. Simu huibiwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

Katika eneo lenu, ni sehemu gani iliyoinuka ambayo mtu akikaa anaona mbali upande wa kusini? Ni ya nani, na kibali kiombwe kwa nani?

Wazee wanakumbuka kumbikumbi wakitoka mwezi gani zamani, na sasa hutoka lini? Majibu yao yaandikwe pamoja na jina la kitongoji.

Ni dawa zipi zinazouzwa katika maduka ya pembejeo ya Mlandizi na Kisarawe, na mashambani hupulizwa miezi ipi? Je, miezi hiyo inakutana na Machi hadi Mei?

Mtu wa Pangti akija kuwatembelea na kuuliza kozi wake wanapokelewaje huku, mtamwonyesha nini?

Ni watu gani watatu katika parokia yenu wanaoweza kutoa Jumamosi nne za Aprili, si mwaka huu tu? Na mmoja wao akihamia Dar es Salaam, daftari litabaki kwa nani?